Mrusho Mmoja wa Nicasio Frías

Warushaji wengi wa besiboli huitwa ligi kuu kwa sababu ya kasi ya mkono. Nicasio Frías hakuwa na kasi. Mpira wake ulikwenda mwendo wa kawaida tu, na mawakala waliokuja kutoka Marekani kusaka vipaji kwenye kambi za miwa za San Pedro de Macorís walimtazama mara moja, wakapiga miayo, wakageukia wengine. Alichokuwa nacho ni shabaha. Ukimwambia apige kifungo cha shati lako, yeye alikuuliza cha ngapi kutoka juu. Wakala mmoja mzee aliyeachwa na basi, akawa hana pa kwenda, alikaa akamtazama alasiri nzima. Jua lilipopoa akaenda kumwona mama yake, Eduvigis, aliyekuwa akifua nguo nyuma ya nyumba.

"Mama, huyu mwanao hatamtisha mtu," alimwambia. "Ila hajui kukosa."

Kwa maneno hayo Nicasio akaenda Marekani akiwa na miaka kumi na minane. Alikaa ligi ndogo miaka minane. Alilala kwenye mabasi, akala kuku wa kukaanga mpaka akamchukia kuku akiwa hai, akaona vijana wenye mikono ya kasi wakimpita kwenda juu huku wengine hawajaota hata ndevu. Hakulalamika. Msimu ulipokwisha alirudi kwenye batey, kambi ya wakata miwa ya kwao, Batey Cachón, akala wali na maharage ya mama yake, akangoja mwaka mwingine.

Huko Batey Cachón jina kubwa halikuwa lake. Lilikuwa la Virgilio Payano. Nyumba ya akina Payano na ya akina Frías zilitengwa na ukuta mmoja wa mbao, kiasi kwamba Tomasina, mama yake Virgilio, alikuwa akimjibu Eduvigis "pole" kila akipiga chafya. Virgilio alimzidi Nicasio miaka mitatu. Alikuwa mpigaji, na tangu mwaka wa sabini na tatu alikuwa akipiga mipira ya ligi kuu kama mtu anayepangusa vumbi kwenye meza. Alipokuwa akirudi nyumbani Novemba, kiwanda cha sukari kilipiga king'ora. Na kila mwaka, kabla hajaingia kwao, alichungulia kwa jirani na kuuliza: "Kasio, bado tu? Harakisha bwana, nakusubiri kule. Nimechoka kuwapiga watu nisiowajua."

Mwishoni mwa Agosti, mwaka wa sabini na saba, Nicasio akaitwa. Timu iliyomwita ilikuwa ikivuta mkia, na warushaji wake watatu walikuwa wameumia. Alifika Jumanne. Akapewa shati lenye jina lake mgongoni, na usiku ule alilitandika kwenye kiti cha hoteli ili akizinduka alione. Jumatano hakuchezeshwa. Alhamisi hakuchezeshwa. Ijumaa ikaingia timu ya Virgilio.

Ijumaa hiyo mrushaji wa timu ya Virgilio alimpiga kwa mpira nahodha wa timu ya Nicasio, mgongoni. Kama ni makusudi au bahati mbaya, hakuna aliyejua. Lakini meneja wa timu ya Nicasio, mzee mmoja mnene aitwaye Merle Stoddard, alikaa kwenye benchi akitafuna tumbaku, na wachezaji wote wakajua kuna mtu wa upande wa pili atalipia.

Jumamosi mchana, timu zilipokuwa zikipasha misuli, Virgilio alivuka uwanja mzima kuja kumkumbatia Nicasio. Alimnyanyua kutoka chini.

"Umekonda! Hawa watu hawakulishi?"

"Kuku."

"Kuku tena! Sikiliza, tukimaliza hapa, uje hotelini kwangu. Mama ameniletea soseji ya salami kupitia mtu, nimeificha kwenye ndoo ya barafu. Tunakaanga na ndizi."

"Hotelini tutakaangia wapi?"

"Pasi, bwana. Unageuza pasi juu chini, unaiweka salami. Hujui kitu wewe, miaka minane yote hii." Kisha akamshika bega, akapunguza sauti. "Kule nyumbani wametoa redio nje ya duka la Chago. Mama zetu wamepewa viti vya mbele. Wakikuingiza, nirushie mpira mzuri, na mimi nitakupiga vizuri. Wasikie majina yetu pamoja."

Mchezo ukaenda. Ilipofika zamu ya saba timu ya Nicasio ilikuwa nyuma kwa pointi sita, mchezo umekwisha kila mahali isipokuwa kwenye ubao. Virgilio alikuwa wa kwanza kupiga zamu ile. Hapo Stoddard akasimama, akaita mrushaji mpya. Akamwita Frías.

Nicasio alikimbia hadi kwenye kilima cha kurushia. Watu elfu kumi na kitu, na yeye alisikia tu pumzi zake mwenyewe. Stoddard alikuwa pale akimsubiri, pamoja na mdakaji, Efraín Cotto, Mpuertoriko mwenye umri wa miaka thelathini na mitano na magoti mabovu. Stoddard alimwekea mpira mkononi, akasema maneno machache kwa Kiingereza huku akitazama majani.

"Anasema umpige," Cotto alimtafsiria. "Mbavuni."

"Nimpige nani?"

"Unajua nani."

Nicasio alitazama pale mpigaji anaposimama. Virgilio alikuwa anajinyoosha, gongo begani, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mwambie yule ni jirani yangu. Mwambie mama zetu wamekaa pamoja wanasikiliza redio."

Cotto alimwambia Stoddard, labda yote, labda nusu. Mzee akatema tumbaku, akajibu kwa sentensi moja.

"Anasema kuna ndege ya ligi ndogo kesho asubuhi. Kiti kipo," alisema Cotto. Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe: "Ndugu yangu, mbavu zinapona. Wiki moja tu. Yeye mwenyewe ni mkongwe, anajua mambo haya. Mpige tumalize twende nyumbani."

Stoddard akaondoka. Nicasio akabaki na mpira.

Baadaye watu wangesema mengi, lakini hakuna aliyekuwa ndani ya kichwa chake pale isipokuwa yeye. Alijua kabisa kuna njia ya tatu. Angeweza kuurusha mpira nyuma ya mgongo wa Virgilio, ukapita hewani, kelele zikapigwa, mwamuzi akanyoosha kidole, na kila mtu akawa amefanya kazi yake. Warushaji hufanya hivyo. Aliifikiria njia hiyo kwa muda wa pumzi mbili. Na ndipo kikamjia kitu ambacho hakuwahi kumwambia hata padri: akaona kwamba akirusha nyuma, Stoddard atadhani amekosa. Miaka minane alikuwa amesubiri mtu wa ligi kuu aone kwamba mkono huu haukosi, na mpira wake wa kwanza uwe wa kukosa?

Akarusha.

Ulikuwa mrusho mzuri. Ulitoka kwenye vidole vyake kama unavyotakiwa kutoka, ukaenda moja kwa moja kwenye ubavu wa kushoto, chini ya kwapa, mahali alipoambiwa. Virgilio alikuwa ameegemea mbele akitarajia zawadi. Alipong'amua aligeuka kujikinga, mkono wa kushoto ukashuka mbele ya ubavu, na mpira ukamkuta kwenye kifundo cha mkono. Hata waliokuwa jukwaa la juu walisikia mlio wake. Haukuwa mlio wa nyama.

Virgilio alipiga magoti. Hakupiga kelele. Alimtazama Nicasio, na tabasamu lilikuwa bado halijamalizika kutoka usoni.

Mwamuzi akamtoa Nicasio uwanjani papo hapo. Mkimbiaji aliyechukua nafasi ya Virgilio baadaye alifunga pointi, na pointi hiyo ikaandikwa kama deni kwa jina la Frías. Ndiyo kazi yake nzima katika ligi kuu: mpira mmoja, mtu mmoja aliyeumia, pointi moja, wala hakumtoa mpigaji hata mmoja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo waandishi walimzunguka Stoddard kwanza. Nicasio alikaa mbele ya kabati lake, shati bado mwilini, akamsikia mzee akisema neno moja mara tatu. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini neno hilo alilijua, kila mrushaji hulijua. Ulimponyoka. Kijana hana udhibiti, ulimponyoka, kosa letu kumwita mapema. Kisha wakamjia yeye, na Cotto akaja nao kutafsiri.

"Niliambiwa nimpige," alisema Nicasio.

Cotto hakupepesa jicho. Aliwageukia waandishi na kusema kwa Kiingereza: "Anasema ulimponyoka. Anasikitika sana."

Kalamu zikaandika. Nicasio alimkodolea macho, na Cotto akainama kama anayefunga kamba za viatu.

"Nina watoto watatu na magoti mawili yaliyokufa," alinong'ona. "Usiniangalie hivyo."

Na Nicasio angeweza kusimama. Maneno yale yanayotakiwa alikuwa nayo kwa Kiingereza, yalikuwa matatu tu. Hakusimama. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye ndege, na kiti kweli kilikuwepo.

Huko ligi ndogo walimpokea kama mgonjwa. Kocha alichora mraba wa chokaa ukutani, akamwambia arushe ndani yake mara hamsini kila siku, kutibu ugonjwa wake wa kukosa udhibiti. Nicasio alirusha hamsini, zote hamsini zikaingia, na kocha akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Majira yaliyofuata wakamwachisha kazi.

Siku ile ya mchezo, nje ya duka la Chago, mtangazaji wa redio alikuwa ametaja majina yote mawili kwa pamoja, na watu wa Batey Cachón wakarusha kofia juu. Halafu kikaja kimya redioni, halafu mtangazaji akasema Payano yuko chini. Tomasina aliinuka kwenye kiti chake cha mbele na kuingia ndani kwake bila kumtazama jirani. Siku tisa hakutoka. Siku ya kumi Eduvigis alivaa nguo zake za kanisani, akaenda kumgongea mlango.

"Tomasina, ulimponyoka. Gazeti limesema, meneja wake mwenyewe amesema. Nakuapia kwa Bikira wa Altagracia, mwanangu hawezi kumnyanyulia mwanao mkono."

Tomasina alimtazama. "Kwa Bikira?"

"Kwa Bikira. Anipofushe macho yote mawili."

Wakalia pamoja, kahawa ikachemshwa. Kwa hiyo Nicasio aliporudi akiwa na begi moja, alikuta uongo umekwisha kujengewa nyumba na mama yake mwenyewe anaishi ndani. Alipofungua mdomo kusema, jioni ya kwanza, Eduvigis alimkata: "Najua, mwanangu. Ulikuponyoka. Kula."

Akala.

Akapata kazi kwenye karakana ya kiwanda, kutengeneza mabehewa ya miwa. Watu hawakumchukia. Hilo ndilo lililomtafuna. Walimhurumia, na huruma yao ilikuwa na mzaha. Akipita duka la Chago, wazee wa dhumna walijifunika vichwa kwa mikono.

"Kasio huyo! Shikeni kofia!"

"Kasio, ukitaka kumtupia mbwa jiwe tuambie, tumwondoe padri barabarani!"

Chago mwenyewe alipenda kumtupia chungwa na kumwambia amrudishie, halafu anajificha chini ya meza watu wacheke. Nicasio alicheka nao. Aliweka chungwa mezani kwa mkono, taratibu, akaenda zake. Kujitetea kwamba mkono wake hauponyokwi kulikuwa ni kusema kwamba alimvunja Virgilio kwa kusudi. Hakuna mtu aliyemwekea mtego huo. Ulikuwa wake, na ulimkaa kama kiatu. Jumapili, timu ya batey ilipocheza na kambi za jirani, alikaa pembeni. Alisema bega linamuuma.

Virgilio alijaribu misimu miwili mingine. Mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa tena, ukaungwa tena, na vidole viwili havikufunga. Gongo halishikiki kwa vidole vitatu. Alirudi nyumbani mwaka wa themanini, king'ora kikapigwa kama kawaida, na mbele ya batey nzima alimtafuta Nicasio kwa macho, akamvuta, akamkumbatia.

"Mpira ni mpira," alitangaza. "Ulimponyoka. Nisimsikie mtu akimcheka tena."

Watu wakapiga makofi. Eduvigis alibusu medali yake ya Bikira. Nicasio alisimama ndani ya kumbatio lile kama nguzo.

Miezi miwili baadaye, saa ya mapumziko ya mchana, Virgilio alikuja karakanani peke yake. Alikaa juu ya gurudumu la behewa, mkono wake mbovu umelala pajani.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Nilipokuwa na miaka kumi na tano wewe ulikuwa unaangusha maembe ya mama kwa mawe, ukichagua yaliyoiva tu."

Nicasio aliendelea kufuta grisi mikononi.

"Nimewapiga warushaji mia mbili, Kasio. Naujua mpira ulioponyoka. Unatoka mkononi unayumba kama mlevi. Ule haukuyumba." "Ulikuponyoka?"

Kulikuwa na nyundo inagonga mahali mbali kiwandani. Nicasio alihesabu mapigo manne.

"Hapana."

"Mzee alikuagiza."

"Aliniagiza."

"Hilo nalijua, mzee yule alikuwa mbwa. Sikuulizi hilo. Ungeweza kuupitisha nyuma yangu."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

Nicasio aliutazama mkono ule. "Nilitaka aone kwamba sikosi," alisema.

Virgilio aliinuka. Alichukua muda, kama mzee, ingawa alikuwa na miaka thelathini na mbili.

"Nilikuja uniambie ulikuponyoka," alisema. "Ungesema tu, ningeamini. Nilikuwa nimeshajiandaa kuamini."

"Virgilio..."

"Usimwambie mama yangu," alisema, akatoka kwenye jua.

Virgilio hakumwambia mtu. Mbele za watu aliendelea kumsalimia Nicasio, akimtaja jina lake lote, Nicasio, kama karani. Kasio hakumwita tena.

Wiki ya tatu ya salamu hizo, Jumapili, timu ya batey ilikuwa inacheza na watu wa kambi ya Quisqueya, na mrushaji wa batey hakuja, ana homa. Nicasio alikuwa amekaa pembeni kama kawaida. Aliinuka, akaingia uwanjani, akauokota mpira.

"Bega je?" aliuliza Chago, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi siku hiyo.

"Limepona."

Kicheko kikapasuka. Waliokuwa nyuma ya uwanja wakajidai kukimbia. Mpigaji wa kwanza wa Quisqueya alikuja amevaa sufuria kichwani, watu wakashika mbavu. Tomasina na Eduvigis walikuwa kwenye viti vyao kivulini, wakigawana karanga, na Virgilio amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Nicasio akarusha. Kona ya nje, chini. Akarusha tena, kona ya ndani, juu, upana wa kidole kutoka mahali ambapo si halali. Mpira wa tatu alimwonyesha mdakaji wake asisogeze glavu, na glavu haikusogea. Mpigaji akavua sufuria, akaondoka. Watu walishangilia. Zamu ya pili walishangilia zaidi, wakaita jina lake, wakasema tazama, kumbe mganga wa mabega yupo. Zamu ya tatu, mpigaji alimfokea, na Nicasio akamwangushia kofia kwa mpira bila kugusa nywele, kisha akamtoa kwa mipira mitatu. Hapo kelele zikapungua.

Zamu ya tano hakuna aliyekuwa akishangilia. Wazee wa dhumna walikuwa wamesimama. Waliutazama mpira ukienda mahali palepale ulipotumwa, mara ya arobaini, ya hamsini, na kila mmoja alikuwa akifikia mwisho wa hesabu ileile kwa wakati wake. Chago aliacha kutangaza maamuzi. Hakukuwa na haja.

Tomasina alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuelewa. Aligeuza kichwa na kumtazama mwanawe juu, na Virgilio hakumtazama. Basi akainuka, akazikung'uta karanga kutoka mapajani, akakunja kiti chake, akakibeba mwenyewe, akaondoka. Virgilio akamfuata. Eduvigis alibaki na nafasi moja tupu ya udongo pembeni yake mpaka mchezo ukaisha. Timu ya batey ilishinda. Watu wa Quisqueya peke yao ndio waliokuja kumpa Nicasio mkono.

Nyumbani mama yake alikuwa amempakulia, sahani imefunikwa kwa sahani. Upande wa pili wa ukuta hakukusikika hata kikombe. Eduvigis alikaa mkabala naye, mikono mezani, medali ya Bikira ameivua, ameiweka kati yao kama kitu alichokiokota njiani na hajui ni cha nani.

"Niliapa, Nicasio."

"Najua, mama."

"Niliapa kwa macho yangu."

Alifunua sahani. Wali ulikuwa umepoa.

Mama yake alingoja mpaka alipomaliza kula. Kisha akauliza, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu: "Siku ile, kule Marekani. Ulirusha kama leo?"

Nicasio alifikiri. Alitaka, angalau mara moja, kulijibu swali hilo kwa usahihi.

"Vizuri zaidi," alisema.